Shirika Liligawanywa, Chama Kikabaki Kimoja

Barua iendayo Nyamira huandikwa 40500 mwishoni mwa anwani. Ya Kisii ni 40200, ya Keroka 40202. Tarakimu hizo zilikuwa na watu wake: karani wa kaunta aliyegonga muhuri, dereva aliyepandisha mifuko ya barua kwenye milima ya Gusii, fundi wa laini aliyekwea nguzo baada ya mvua kubwa, opereta aliyeunganisha simu ya hospitali usiku wa manane. Tumeandika mengi kuhusu stempu, simu za mkononi na mabilioni yake. Kuhusu watu hao, na chama walichokijenga ili walipwe haki yao, tumeandika machache mno.

Chama hicho leo kinaitwa Communication Workers Union, COWU kwa kifupi. Wastaafu wengi wanakijua zaidi kwa jina la zamani, UPTE, yaani Union of Posts and Telecommunications Employees. Anayetaka kuijua historia yake hana budi kutoka nje ya Nyamira kwanza, kwa kuwa mwajiri wa watu hao hakuwa wa Nyamira, na kwa miaka mingi hakuwa hata wa Kenya peke yake.

Waya wa baharini uliunganisha Zanzibar na Mombasa mwaka 1888. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, simu ya maandishi ilifuata njia hiyohiyo. Nyanda za juu za Gusii hazikupitiwa na reli, na hadi leo hazina. Barua za huku zilikuja kwa miguu ya matarishi, baadaye kwa magari, zikipitia boma la Kisii. Mwaka 1933 huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na kuanzia 1948 zikawa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki. Karani wa Kisii, mwenzake wa Mwanza na wa tatu wa Mbale wote wakawa na bwana mmoja.

Bwana huyo aliwalipa kwa rangi ya ngozi. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya serikali za Afrika Mashariki na kutoa ripoti mwaka 1948, ilipendekeza kwamba hata pale ambapo kazi na sifa zililingana, Mwafrika na Mhindi wapate tatu kwa tano ya malipo ya Mzungu. Mzungu akipata shilingi 500, mwenzake anayefanya kazi ileile apate 300. Utaratibu huo ulikuwa sera ya wazi, iliyoandikwa kwenye karatasi rasmi na kutetewa na watu waliosoma. Tume nyingine, ya Lidbury, ilipendekeza mwaka 1954 uondolewe. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo vyama vya wafanyakazi vilipopata nguvu mijini. Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha East African Trade Union Congress mwaka 1949, na mwaka uliofuata wote wawili walikamatwa. Tom Mboya akachukua uongozi wa shirikisho la vyama mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, vyama vya siasa vya Waafrika vikiwa vimepigwa marufuku. Katika miaka hiyo chama cha wafanyakazi kilikuwa mojawapo ya milango michache ambayo Mwafrika angeweza kupitia ili azungumze na serikali akiwa amesimama wima.

Wafanyakazi wa posta walikuwa na silaha ambayo wengi hawakuwa nayo. Mkulima akigoma, shamba lake ndilo linaloumia kwanza. Opereta akigoma, mkuu wa wilaya hampati gavana. Jambo hilo lilionekana waziwazi Tanganyika, ambako mgomo wa posta ulioanza mwishoni mwa 1959 uliendelea hadi mwaka mpya, ukafuatiwa na mgomo mrefu zaidi wa reli. Mashirika hayo yalikuwa ya pamoja kwa nchi zote tatu, hivyo lililoshindikana Dar es Salaam lilisikika mpaka Nairobi na Kampala.

Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Tanganyika ilivunja vyama vyote mwaka 1964 na kuunda kimoja tu, NUTA, kilichofungamana na chama tawala. Kenya ilivifuta vyama vikuu vilivyokuwa vikigombana, ikaunda shirikisho moja, COTU, mwaka 1965, lakini ikaacha vyama vya kila sekta viendelee na majina yao, viongozi wao na makato yao. Uhuru huo haukuwa kamili, kwani serikali ilikuwa na mkono mrefu katika COTU na sheria ya migogoro ya kazi iliufanya mgomo halali kuwa jambo gumu. Hata hivyo naamini uamuzi wa kuviacha vyama vya sekta ndio uliookoa chama cha posta. Kilibaki na kumbukumbu zake, na wanachama walijua ni nani wa kumlaumu.

Mwaka 1967 Mkataba wa Kampala ulizaa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu ya Shirika la Posta na Simu yakawekwa Kampala, na chuo chake cha mafunzo kikabaki Mbagathi, Nairobi, pale palipo sasa Chuo Kikuu cha Multimedia. Kijana aliyeajiriwa akitoka Gusii aliweza kusomea Mbagathi, akapangiwa kazi Uganda au Tanzania, na kujijua kuwa mfanyakazi wa Afrika Mashariki. Miaka kumi baadaye Jumuiya ikavunjika. Mali ya mashirika ilibishaniwa kwa miaka, hadi makubaliano ya Arusha ya mwaka 1984 yalipoweka kwamba kila nchi ibebe pensheni za raia wake. Nchini Tanzania waliokuwa watumishi wa Jumuiya waliendelea kudai haki zao mahakamani na barabarani mpaka karne hii, wengine wakafa wakisubiri.

Kenya ilianzisha shirika lake la posta na simu, KPTC, mwaka 1977. Hiyo ndiyo enzi ambayo wazee wa UPTE huikumbuka kwa fahari: mwajiri mmoja mkubwa, chama kimoja, makubaliano ya pamoja yanayomfunga kila meneja kuanzia Nairobi hadi ofisi ya mlimani. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilifuta chama cha watumishi wa umma, na watumishi hao wakakaa bila chama hadi mwaka 2001. Chama cha posta na simu kilipona. Karani wa Posta aliyepewa uhamisho wa kumkomoa alikuwa na tawi la kupeleka malalamiko yake, huku karani wa ofisi ya wilaya, jengo la pili tu, akiwa hana pa kwenda. Nyamira ilipofanywa wilaya kamili mwishoni mwa miaka ya 1980, ikitengwa na Kisii, tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Kisha ukaja mwaka 1999. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iliikata KPTC vipande vitatu: Telkom Kenya, Shirika la Posta, na tume ya kusimamia sekta. Mwajiri akawa watatu. Chama kingeweza kugawanyika vivyo hivyo, watu wa simu waende zao na faida yao inayotarajiwa, watu wa barua wabaki na hasara yao. Hakikugawanyika. Kilibadilisha jina na kubaki kimoja. Katika historia yake yote hilo ndilo jambo ninaloliheshimu zaidi, maana lilifanywa wakati ambapo fundi wa simu alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hamhitaji tena karani wa stempu.

Ilivyotokea, fundi wa simu ndiye aliyeanguka kwanza. Ili Telkom iuzwe, maelfu ya wafanyakazi wake walipunguzwa kuanzia mwaka 2006. Desemba 2007 France Telecom ilinunua asilimia 51 kwa dola milioni 390. Waliopunguzwa walirudi makwao, Gusii ikipokea wa kwake, na madai yao ya malipo yakaingia kortini na kukaa humo miaka. Kampuni yenyewe imeshapita mikononi mwa wawekezaji wengine tangu hapo.

Posta imekuwa ikifa polepole, na aliyeipa kidonda kikubwa ni ndugu yake wa tumbo moja. Kampuni ya simu za mkononi ya Safaricom ilizaliwa mwaka 1997 ndani ya KPTC. Machi 2007 ilizindua M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu. Kabla ya hapo mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho aliyetaka kutuma karo nyumbani Nyamira aliweza kununua hawala ya posta, na mama akasafiri mpaka mjini kuichukua kwa karani aliyekuwa mwajiriwa, mwenye pensheni na mwanachama wa chama. Kazi ileile ya kumkabidhi mama fedha zake sasa inafanywa na wakala kwenye kibanda, sokoni Kebirigo au Nyansiongo. Wakala analipwa kamisheni. Hana likizo, hana bima ya kazi, na akitapeliwa hasara ni yake. Hana hata mwajiri wa kukaa naye mezani. Mama amepata nafuu kubwa, na hakuna mwenye akili atakayetaka arudi kwenye foleni ya zamani. Ila gharama ya nafuu hiyo imebebwa na aliye nyuma ya dirisha.

Majengo kadhaa ya Posta leo yamegeuzwa Vituo vya Huduma, na watu hupanga foleni humo kutafuta vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Wafanyakazi wa Posta wenyewe, katika miaka hii ya karibuni, wamekaa miezi bila mshahara. COWU, chini ya Benson Okwaro aliyekuwa katibu mkuu kwa miaka mingi, imetoa ilani za mgomo na kuidai serikali hadharani. Silaha ya mwaka 1959 haina makali yale: opereta hayupo tena, na Posta ikifungwa wiki nzima wakubwa wengi hawatajua.

Kwa hiyo serikali ilipe malimbikizo ya mishahara ya Posta, yote, kwa kuwa ni deni la kazi iliyokwisha kufanywa. Na viongozi wa COWU wafungue daftari la wanachama kwa mawakala wa fedha, kama walivyokataa mwaka 1999 kumwacha karani wa barua. Wewe msomaji uliye Nyamira au Kisii, ikiwa una mzazi aliyefanya kazi Posta au Simu, muulize habari za tawi lake, na kadi zake za uanachama na barua za chama usizitupe. Zipeleke kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.