Njia ya Kondoo na Njia ya Gari: Maisha ya Kila Siku katika Mashamba ya Kondoo ya Bonde la Ufa

1. Utangulizi

Historia ya mashamba ya walowezi nchini Kenya imeandikwa mara nyingi kwa kufuata mikataba, bei za mazao na majina ya wenye mashamba. Katika kurasa hizi tunapenda kufuata njia nyembamba zaidi: ile iliyotoka zizini hadi malishoni, na ile iliyotoka kwenye banda la sufu hadi stesheni ya reli. Tunauliza swali moja tu: ni nani aliyeliendesha shamba la kondoo siku hadi siku, na alifanya hivyo kwa ujuzi gani?

Swali hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi katika mashamba hayo, ambamo Mmaasai, Mkikuyu, Mkipsigis na Mwingereza walilazimika kuelewana. Pili, baadhi ya maneno yaliyozaliwa au kubadilika maana humo ni ushahidi ambao daftari la mwenye shamba halikuuhifadhi. Kwa msomaji wa Katanga ipo pia sababu ya tatu, nayo imo ardhini mwake, tutaifikia punde.

2. Malisho mazuri yasiyo na mifugo

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900 na ukingo wa Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia fedha nyingi, na sasa ilitafuta watu wa kuzalisha mali ya kupakiwa katika mabehewa. Mmoja wa waliojitokeza alikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere, ambaye aliiona nchi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1897 alipofika kwa miguu na ngamia akitokea Somalia. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Shamba hilo akaliita Equator Ranch.

Mwaka uliofuata, 1904, Wamaasai walitiwa katika mapatano yaliyowaondoa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mapatano ya pili, ya mwaka 1911, yaliwaondoa hata Laikipia. Walipokwenda mahakamani Mombasa mwaka 1913, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, madai yao yalitupwa kwa hoja kwamba mapatano hayo yalikuwa kama mkataba baina ya dola mbili, hivyo hayangeweza kuamuliwa na mahakama hiyo. Ni hoja ya ajabu: dola hiyo ilitambuliwa siku ile tu ilipohitajika kunyimwa haki.

Delamere aliagiza kondoo wa aina ya merino kutoka New Zealand, wa sufu laini na wa bei kubwa. Nyasi za Njoro zilikuwa nzuri machoni, maji yalikuwepo, na baridi ya mwinuko ilimkumbusha Mzungu nchi yake. Hata hivyo kondoo walikonda huku wakila, na wengi wao wakafa. Elspeth Huxley, aliyeandika maisha ya Delamere katika kitabu kilichotoka mwaka 1935, anaeleza jinsi mlowezi huyo alivyokuja kutambua kwamba Wamaasai hawakuwa na desturi ya kukaa na mifugo yao mahali pale. Nyika iliyoonekana tupu haikuwa imesahauliwa. Ilikuwa imejaribiwa ikaonekana haifai.

Kilichokosekana ardhini kilikuja kujulikana polepole. Mwaka huohuo wa 1935 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba ugonjwa wa kukonda kwa kondoo katika baadhi ya malisho ya kwao ulisababishwa na upungufu wa kobalti. Ugonjwa wa namna hiyo katika wilaya ya Nakuru, ambao madaktari wa mifugo walikuwa wameuita kwa jina la mji wenyewe, ulielezwa kwa sababu hiyohiyo. Vijidudu vilivyomo katika tumbo la mnyama anayecheua huhitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12, ambayo yenyewe ilipatikana katika umbo safi mwaka 1948. Kondoo anahitaji takriban miligramu 0.1 tu katika kila kilo ya chakula kikavu. Akiikosa, atashinda katika nyasi hadi magotini na bado atakufa kwa udhaifu.

Hapa ndipo msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi atakapotabasamu. Madini ambayo jina lake kwetu huleta picha ya mashimo makubwa, malori na mifuko ya wachimbaji wadogo, ndiyo yaliyokosekana, kwa kiasi kisichojaa ukucha, katika ndoto ya tajiri wa Njoro. Delamere alihamishia kondoo wake Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na huko walistawi vizuri zaidi.

3. Kutwa ya mchungaji

Tuitazame sasa siku yenyewe. Kabla ya jua kupanda mchungaji alilizunguka zizi la miiba akitafuta alama za fisi au chui. Kisha aliwatazama kondoo mmoja mmoja walipokuwa wakitoka. Mwenye shamba alitaka hesabu. Mchungaji wa Kimaasai alitazama sura. Wafugaji hao wanajulikana kwa kuwatambua wanyama wao kwa rangi, masikio, mwendo na ukoo wa mama, bila kuhitaji kuwahesabu. Kundi la kondoo weupe ambao mgeni aliwaona wote ni wamoja, kwake lilikuwa kusanyiko la nyuso.

Mchungaji mzoefu hakuwa na haraka ya kuwapeleka kondoo kwenye majani yenye umande. Sayansi imekubali busara hiyo: mabuu ya minyoo ya tumbo hupanda juu ya jani lenye unyevu, na jua likikausha nyasi hushuka tena. Minyoo hiyo ndiyo iliyokuwa adui mkubwa wa kondoo wa kigeni. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa mrututu uliotiwa katika maji na kunyweshwa kwa chupa, kazi iliyohitaji mkono mwepesi, kwa kuwa kipimo kikizidi kidogo dawa hugeuka sumu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, asiye na sufu ya kuuza na aliyedharauliwa kwa sababu hiyo, alikuwa na kinga ya asili dhidi ya minyoo hiyo kuliko jamaa zake wa ng'ambo. Katika miongo ya karibuni watafiti wamemrudia kwa bidii, wakati ambapo kondoo wa aina yake waliobaki bila kuchanganywa damu wamekuwa adimu.

Baada ya hapo zilifuata kazi za majira: kuwapitisha kondoo katika josho ili kuua upele unaoharibu sufu, kuchonga kwato zilizorefuka, kukata mikia ya wanakondoo, kuhasi madume yasiyotakiwa, kukesha na majike yanayozaa katika usiku wa baridi. Wakati wa kukata sufu watu walipanga foleni wakiwa na mikasi mikubwa ya mkono, kila mmoja akimkalisha kondoo kati ya magoti yake. Sufu yote ilitakiwa itoke kama blanketi moja. Ilikunjwa, ikachambuliwa kwa ubora, ikashindiliwa katika marobota.

Malipo yalikuwa mshahara mdogo na posho. Neno hili la mwisho linastahili kusimamiwa kidogo. Lilitaja kipimo cha unga ambacho mwajiri alimpa mfanyakazi. Katanga nako, katika kambi za migodi, posho ilikuwa chakula cha kupimiwa na kampuni. Uganda neno likasogea zaidi, likawa jina la ugali wenyewe. Hivyo neno moja linachora ramani ya kazi za ujira, kutoka zizi la kondoo hadi shimo la shaba.

4. Kutengeneza njia

Robota la sufu halina maana mpaka lifike kwenye reli. Kati ya banda na stesheni palikuwa na njia ya shamba, na njia hiyo haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya kila mtu aliyeamriwa kuichimba. Magari mazito yaliyovutwa na jozi nyingi za maksai yalikata mifereji miwili ya magurudumu. Mvua za masika zilipokuja, mifereji hiyo ikawa mito midogo. Sufu ikilowa hupata joto ndani ya robota, hubadilika rangi na kushuka bei. Kwa hiyo njia mbovu iliweza kuharibu kazi ya mwaka mzima katika safari ya nusu siku.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kutengeneza njia ni kufukia mashimo. Mzee wa kazi alijua kwamba adui si shimo bali ni maji, na kwamba shimo ni nyayo za adui tu. Kwa hiyo alianza kwa kutazama njia wakati mvua inanyesha, si baada yake, ili aone maji yanaingilia wapi na yanataka kutokea wapi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba mitaro ya pembeni na kuifungulia midomo kwenye mteremko. Ya pili ilikuwa kuinua mgongo wa njia katikati ili maji yagawanyike kulia na kushoto. Mahali penye mwinuko mkali waliweka vizuizi vya mawe vilivyokatiza njia kwa mshazari, ili maji yatoke nje kabla hayajapata nguvu. Ndipo sasa mashimo yalipojazwa: mawe makubwa chini, madogo juu yake, na changarawe mwisho. Katika udongo mweusi unaonata walitandika kwanza matawi, kwa sababu jiwe likitupwa peke yake katika tope hilo huzama.

Vifaa vilikuwa jembe, sululu, beleshi na karai. Msimamizi, yaani nyapara, alisimama juu ya ukingo. Wenye kuchimba wengi walikuwa maskwota, wafanyakazi walioishi shambani na familia zao kwa ruhusa ya kulima na kufuga kidogo. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamtumikie mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Siku za njia zilikuwa miongoni mwa siku hizo.

Kondoo wenyewe walikuwa na sehemu yao katika kazi hii. Kundi likipitishwa mara nyingi juu ya udongo mpya wenye unyevu wa kiasi, kwato ndogo huushindilia kuanzia chini kwenda juu, jambo ambalo gurudumu pana haliwezi. Wahandisi wa barabara wanayo mashine ya kushindilia yenye meno mengi, na mpaka leo wanaiita kwa jina la mguu wa kondoo.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Shambani methali hiyo ilikuwa na maana ya hesabu. Mtaro uliozibuliwa kwa saa moja mwezi wa Februari uliokoa kazi ya wiki nzima mwezi wa Mei. Lakini katika madaftari ya mashamba, gari lililokwama huacha alama kwa sababu lina gharama. Mtaro uliofanya kazi yake hauachi alama yoyote.

5. Kifagio

Maskwota nao walikuwa na kondoo na mbuzi wao. Kwa familia nyingi mifugo hiyo ilikuwa ndiyo mahari, karo, akiba ya njaa na sababu ya kuvumilia mshahara mdogo. Kadiri mashamba yalivyokua, walowezi waliiona kuwa mizigo mitatu: inakula nyasi zao, inaweza kuleta magonjwa kwa kondoo wa bei, na inampa mfanyakazi uhuru wa kutotegemea mshahara.

Mnamo miaka ya 1920 ulikuja mpango wa kuiondoa. Watu walioondolewa mifugo yao waliupa jina la Kiswahili: kifagio. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa, ameonyesha ukubwa wa pigo hilo na jinsi uchungu wake ulivyodumu hadi miaka ya vita vya Mau Mau. Sheria nyingine ya mwaka 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo zaidi wa kupunguza mifugo ya wafanyakazi na kuongeza siku za kazi.

Tuzingatie uteuzi wa neno. Serikali ilikuwa na lugha yake ya utaratibu, ya kupunguza na kudhibiti. Watu wakachagua chombo cha nyumbani. Kifagio hakichagui, na kinachofagiwa huwa kimekwisha kuitwa taka. Mwenye kuchunga kondoo wa tajiri kwa ustadi wa kutambua kila uso aliona kondoo wake mwenyewe wakifagiwa kama vumbi. Ripoti nzima ya wilaya isingeweza kulieleza jambo hilo kwa ufupi na ukali wa neno hilo moja.

6. Hitimisho

Kuanzia mwaka 1962, uhuru ulipokaribia, mashamba mengi ya nyanda za juu yalinunuliwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo. Sehemu ya Soysambu imekuwa hifadhi ya wanyamapori tangu mwaka 2007. Njia nyingi za zamani zimekuwa barabara za vijiji, na wanaozipita hawajui ni nani aliyezipa mgongo.

Tumejaribu kuonyesha kwamba shamba la kondoo lilisimama juu ya ujuzi wa aina mbili ambao haukuandikwa: wa mchungaji aliyejua nyasi zipi hazilishi, na wa mchimbaji aliyejua maji yanataka kwenda wapi. Mlowezi alipoupuuza wa kwanza alipoteza kondoo. Alipoutumia wa pili aliuandika kwa jina lake. Wazee waliozaliwa katika mashamba hayo kabla ya uhuru wamebaki wachache, na wanasema Kiswahili. Vivyo hivyo kwetu Kongo, waliochunga barabara za vijiji na kula posho ya migodi bado wanaweza kuulizwa, wao au watoto wao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asisubiri hati mpya zifunguliwe. Achukue daftari, aende kwa mzee, aanze na jina la chombo alichoshika mkononi, kisha aulize kilitumika kufanya nini, kwa amri ya nani, na kwa faida ya nani.