Moshi wa Juba

Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanza kusafirisha barua kutoka London hadi Mwanza, kipande cha kutoka Khartoum kuja kusini kilisafiriwa kwa boti zenye mabawa. Ziliufuata Mto Nile, zikatua majini Malakal, kisha Juba, kabla ya kuvuka hadi Port Bell na Kisumu. Wanaosimulia historia ya anga ya Juba huanzia hapo, wakahesabu barua, abiria na, miaka ya vita, magunia ya mtama. Moshi hawauhesabu, ingawa ndio uliobaki mjini kila ndege ilipoondoka.

Moshi huo umebadilika mara kadhaa. Desemba 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba petroli ikitiwa kiungo chenye risasi, injini haigongi. Marubani nao waliipenda dawa hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania ziliachana na petroli ya magari yenye risasi kufikia 2006, lakini ndege ndogo za pistoni zingali zinatumia petroli yenye risasi sehemu nyingi duniani. Ili risasi isigande kwenye plagi, mafuta huongezwa bromini. Kwenye ekzosi hutoka vishanga vya risasi na bromini, vya nanomita 4 hivi. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Kisha zikaja ndege za mafuta ya taa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan vilipoizingira Juba, mji uliishi kwa kilichoshuka kutoka angani. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 na uhuru wa Sudan Kusini wa 2011, ndege za Antonov na Ilyushin zikajaa uwanjani, nyingine zikiwa na umri wa babu. Ile An-12 iliyoanguka kando ya Nile tarehe 4 Novemba 2015, muda mfupi tu baada ya kuruka, iliundwa 1971. Ajali ile iliua zaidi ya watu 30 na kila mtu mjini anaikumbuka. Madhara ya moshi hayana tarehe, kwa hiyo hayakumbukwi.

Mafuta ya taa hayana risasi, na wengi huona kesi imeishia hapo. Haijaishia. Watafiti wa Uswisi walipochambua masizi ya injini za jeti, mwaka 2016 walitangaza kuwa wamekuta chuma, kromiamu, molibdenamu na metali nyingine: mabaki ya oili, ya mafuta yenyewe na ya vyuma vinavyosagana.

Vumbi jekundu la Juba lina chembe kubwa. Hunaswa puani na leso hulionyesha. Chembe ya nano ya moshi hupita hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako seli mlinzi huimeza kama inavyomeza bakteria. Hapo ndipo mlinzi anaponaswa. Ndani ya kijifuko chake cha asidi baadhi ya metali, zinki kwa mfano, huyeyuka na kumwaga ioni zake. Oksijeni kali huzaliwa, utando wa seli huungua, na uvimbe huanza. Mafundi wa kuchomelea mabati wa Kamukunji, Nairobi, na Katwe, Kampala, wanaijua homa ya jioni inayotokana na moshi wa zinki, na hunywa maziwa kuikinga. Maziwa, bahati mbaya, huenda tumboni.

Udogo wenyewe ni sehemu ya sumu. Saga kilo ya mahindi: uzito ni uleule, lakini eneo la nje linalogusana na maji limeongezeka maradufu kwa maradufu. Miaka ya 1990 Günter Oberdörster na wenzake huko Rochester, Marekani, waliwapa panya titani dioksidi ya uzito mmoja, chembe kubwa na ndogo. Ndogo zilivimbisha mapafu zaidi.

Kwa Juba, jaribio linalonigusa zaidi ni la Bern, Uswisi, 2019. Marianne Geiser na wenzake walizipulizia seli za njia za hewa za mapafu ya binadamu moshi wa injini ya jeti ya aina inayofungwa kwenye Boeing 737. Injini ikivuta kwa nguvu kama inayoruka, madhara yalikuwa madogo. Ikizunguka taratibu, ndege imesimama chini, seli ziliumia zaidi.

Hiyo ndiyo hali ya maegesho ya ndege. Hadi jengo jipya lilipofunguliwa 2018, abiria wa Juba walisubiri kwenye mahema, hatua chache kutoka kwenye injini. Sasa wanasubiri ndani ya kuta. Wapakiaji wa mizigo bado wako chini ya bawa, wamejifunga shati puani, na kitambaa cha shati kina matundu ambayo chembe nyingi za nano hupita.