Karema, Ziwa na Sanduku Letu



Kamati ilipotuagiza tuandike historia ya miaka kumi ya kikundi, tuliona haifai kuanzia siku tuliyonunua sanduku. Maana kabla ya sanduku kulikuwa na dagaa, na kabla ya dagaa kulikuwa na ziwa. Mtu asiyeijua Karema hawezi kuelewa kwa nini akina mama wa hapa wanaweka akiba kwa kufuata mwezi wa angani na siyo tarehe za kalenda.

Karema yetu imekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, milima ikiwa nyuma yake. Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, lakini sisi kwa kina hicho hatuna kazi nacho. Kazi yetu iko pale juu, ambako dagaa hupanda usiku kufuata mwanga.

Wageni wakija huonyeshwa majengo ya misheni. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold, alianzisha kituo hapa karibu na maji. Mwaka 1885 Wabelgiji wakawakabidhi Mapadre Weupe. Leo ukisimama pale misheni utajiuliza, huyu bwana alijengaje mbali na ziwa namna hii? Hakujenga mbali. Ni ziwa lililomkimbia. Ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, mto Lukuga ulizibua njia yake miaka hiyo hiyo, maji yakamwagika kwenda magharibi, na katika miaka michache ziwa likashuka karibu mita 10. Mambo haya tunayataja kwa makusudi, kwani yametupata na sisi, ila kwa kinyume chake.

Hatuwezi pia kumruka Daktari Adriano Atiman. Alizaliwa kule mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapa hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 kijiji kimoja! Wapo wazee wetu waliozaliwa wakati wake. Na ajabu nyingine, huu mtindo wetu wa kununua hisa na kufungia fedha sandukuni ulianzia nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini kule. Basi mambo mawili mema yametufikia kutoka upande ule wa Afrika, na yote mawili yalikuja bila kelele.

Sasa maisha yenyewe. Siku za giza wanaume hushuka ziwani jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za betri na sola. Alfajiri sisi tuko ufukweni na mabeseni. Bei hupangwa pale pale, kwa sauti ya juu, na anayechelewa hupata yaliyokanyagwa. Baada ya hapo ni kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru na mbuzi, na kutazama mawingu. Mvua moja ya ghafla inatosha kuharibu mtaji wa wiki nzima. Mwezi unapokuwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na nyumba nyingi hukopa unga. Hivyo kila mwezi tuna siku za kushiba na siku za kujikaza.

Soko letu lilikuwa Mpanda, mji uliokuzwa na mgodi wa risasi na reli ya kutoka Kaliua iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi huo. Tuliuza pia Katumba na Mishamo, kwa ndugu zetu waliotoka Burundi mwaka 1972. Kisha kulikuwa na Liemba. Meli hii ya Wajerumani, iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, haikuwa na gati hapa. Ikipiga honi usiku, hata saa nane, unaamka, unapakia magunia kwenye boti na kuifuata katikati ya maji. Magunia yanavutwa juu, abiria wanashuka, huku mwingine anauza samaki wa kukaanga kwa kunyoosha mkono kuelekea dirishani. Wapo kati yetu waliotumbukiza mzigo wote majini kwa wimbi moja. Liemba ilisimama mwaka 2018 kwa ajili ya matengenezo. Bandari ya Karema ilianza kujengwa mwaka 2019 na kukamilika mwaka 2022, ikielekea Kalemie ng'ambo. Tuliokuwa tukifuata meli kwa boti tuliitazama ile gati tukacheka, maana tumepata mlango wakati mgeni hayupo.

Katika maisha hayo akiba ilikuwa fundo la khanga, au upatu. Upatu ni mzuri mpaka siku aliyepokea wa kwanza anapohama. Ndipo tukaanza na sanduku la bati, kufuli tatu, washika funguo watatu wasiokaa nyumba moja, na mhesabu fedha ambaye hana ufunguo. Hisa ilikuwa shilingi elfu moja. Waume wengine walisema eti ni kikao cha umbeya. Mwaka ulipokwisha tukagawana, mabati yakaonekana juu ya nyumba, na umbeya ukasahaulika.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwenda hivyo miaka yote kumi. Kuanzia mwaka 2020 ziwa lilipanda. Lile lililomkimbia Mbelgiji lilirudi kwetu sisi. Sehemu za kuanikia zikamezwa, vichanja vikaelea, tukawa tunagombania mchanga uliobaki kama watoto. Tulipanga zamu, na zamu hizo zilizaa maneno ambayo mengine hayajaisha hadi leo.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani zinazochangia ziwa. Hatukupinga. Kila mmoja wetu alikuwa ameona dagaa wakipungua beseni kwa beseni. Ila mikopo ilikuwa nje, mingi mikononi mwa wanachama waliokuwa wamenunua magunia na taa za waume zao. Miezi mitatu bila dagaa, marejesho yatoke wapi? Nusu ya kikundi ikataka sanduku livunjwe tugawane kilichopo. Nusu ikasema likivunjwa leo halitarudi. Tulikaa vikao vitatu, kimoja hadi giza likaingia, na mmoja wa washika funguo alikataa kuja na ufunguo wake. Kwa hasira tulimwita msaliti. Leo tunakiri kwamba bila ukaidi wake pengine hata kijitabu hiki kisingeandikwa.

Liko na jambo ambalo baadhi ya wajumbe walitaka lisiandikwe. Katika miezi ile tulikwenda kwa mwenzetu mmoja, mjane, aliyechelewa marejesho mara nne. Sheria iliruhusu, nasi tukaifuata: tulichukua mabeseni yake, nyavu za kuanikia na mizani. Hakusema neno, alitusaidia hata kubeba hadi mlangoni. Uvuvi ulipofunguliwa mwezi Agosti, taa zikarudi ziwani, sote tukakimbilia ufukweni, na yeye akaja akasimama mikono mitupu, kwa sababu vyombo vyake vilikuwa vimefungiwa stoo kwetu. Yule aliyetakiwa alipe deni tulikuwa tumemnyang'anya cha kulipia. Hakuna aliyemwambia kitu asubuhi ile. Jioni tulirudisha vyombo, naye akavipokea, lakini kikaoni hakurudi tena. Deni alilimaliza kabla ya mwaka kwisha, akimtuma binti yake na fedha kwenye bahasha.

Kiti chake hatujampa mtu. Mwenyekiti amekwenda kwake mara mbili, akakaribishwa vizuri na kupewa chakula, ila jibu ni lile lile, kwamba atafikiri. Katika mkutano mkuu uliofuata tulibadili kipengele cha dhamana: tangu siku hiyo beseni, kichanja, nyavu na mizani ya mwanachama havichukuliwi kwa deni lolote, na miezi ya kufungwa kwa uvuvi haihesabiwi katika muda wa marejesho.