Safari ya Theluji Kutoka Bukoba, 1891

Watu wa Bukoba na Muleba wamezoea maji kuliko barafu. Mashariki yao liko Ziwa Viktoria, na nyuma ya vijiji vyao imetanda migomba na mibuni. Hata hivyo, mlima wenye theluji ulio karibu nao zaidi si Kilimanjaro. Ni Ruwenzori, ulio upande wa kaskazini-magharibi, mpakani mwa Uganda na Kongo, mwendo wa kilomita zipatazo 280 kwa mstari ulionyoka. Kilimanjaro ni zaidi ya maradufu ya mwendo huo. Siku hizi vijana marafiki wakiketi kupanga safari ya kwenda kuiona theluji, na pengine mmoja wao akitaja habari za kuteleza juu yake kwa mbao za skii, hesabu yao ya njia haiwi ngumu: ni basi hadi Mutukula, kisha Masaka, Mbarara na Kasese. Lakini safari hiyo ilipata kupangwa Bukoba zamani, wakati mji wenyewe ulikuwa haujatimiza miezi minne, na yafaa tuitazame jinsi ilivyopangwa.

Aliyeipanga ndiye aliyeiweka boma ya Bukoba. Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alikuwa tabibu wa Silesia aliyepata kuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri. Stanley alimtoa huko mwaka 1889, na msafara wao ulipita chini ya Ruwenzori kabla ya kushuka kwa njia ya Ankole na Karagwe. Mwezi Juni wa mwaka huo Luteni Stairs aliupanda mlima akafika kiasi cha mita 3,250. Emin alianza kupanda pamoja naye, nguvu zikamwishia mapema, akarudi. Mimi naona kwamba tangu siku ile mlima ulikuwa deni moyoni mwake, ingawa yeye, kwa tabia yake, angesema kwamba alikuwa akitafuta ndege na wadudu wa kupeleka makumbusho.

Mwaka uliofuata aliingia katika kazi ya Wajerumani. Aliondoka Bagamoyo Aprili 1890, akapita Tabora, akazunguka ziwa, na mwezi Novemba akasimamisha boma ufukoni mwa nchi ya Wahaya. Lakini tarehe 1 Julai 1890, yeye akiwa bado njiani, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kugawana nchi. Magharibi ya ziwa mpaka ukawa mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Bukoba ilibaki upande wa Wajerumani kwa mwendo mfupi tu. Ruwenzori ilikuwa nje kabisa. Mkuu wake, Wissmann, alimtaka arudi pwani. Emin hakurudi. Februari 1891 alimwacha Langheld na boma, akashika njia ya Karagwe pamoja na rafiki yake Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama kutoka Hamburg, kijana wa miaka ishirini na saba.

Hapo ndipo neno "rafiki" linapoanza kututaabisha. Ukisoma habari za safari hii kama zilivyoandikwa Ulaya, unadhani ni marafiki wawili waliokwenda mlimani. Kwa kweli lilikuwa ni kundi kubwa la wapagazi na askari, wengi wao watu wa Unyamwezi, wa pwani na wa Sudani. Mizigo yao ilikuwa kama ya misafara yote ya zama zile: nguo na shanga za kununulia chakula, baruti, mahema, vyombo vya kupimia, chupa za kuhifadhia wanyama. Katika nchi ya migomba chakula hakikuwa shida. Ila ndizi, kama kila Mhaya ajuavyo, si chakula cha kufungasha. Ukishaiacha shamba unahitaji nafaka, na nafaka hununuliwa njiani kwa zile nguo. Kwa hiyo nguo katika mizigo ilikuwa fedha. Ilitumika kununua mtama, na aliyeibeba kichwani hakupewa avae.

Jambo hili halikuonekana kuwa kosa huku bondeni. Wakapita Mpororo, wakafika Ziwa Edward mwezi Mei, na Juni wakawa chini ya mlima, upande wa magharibi, ambao leo ni Kongo. Stuhlmann aliupanda kwa bonde la mto Butagu. Emin, ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika sana, hakufika naye juu. Stuhlmann akavuka msitu, akavuka mianzi, akaingia katika ile mimea mikubwa ya ajabu inayoota mahali pa baridi, hata akafika karibu mita 4,060. Theluji ilikuwa mbele yake, wazi kabisa. Hakuigusa. Watu wake walikuwa na mavazi ya nchi ya joto, chakula kilikuwa kidogo, na usiku wa mlima ule hauna huruma kwa mtu aliyevaa kipande cha bafta. Wakarudi. Waandishi kadhaa husema kwamba vifaa vilipungua. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanaficha jambo: darubini na vipima-hewa havikupungua, kilichopungua ni blanketi.

Kabla ya kushuka, Stuhlmann alivipa vilele alivyoviona majina ya wataalamu wa wanyama wa Kijerumani: Kraepelin, Möbius, Semper, Weismann. Wakonjo, wenyeji wa mlima, huiita theluji nzururu, nao walikuwa na majina yao tangu zamani. Lakini katika ramani hayakuandikwa hayo.

Baada ya mlima msafara ulikwenda kaskazini, magharibi ya Ziwa Albert, Emin akitumaini kuwakusanya askari wake wa zamani. Wengi walikataa. Ikaja njaa, kisha ndui. Mwezi Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann awachukue wote waliokuwa wazima awarudishe Bukoba, naye akabaki na wagonjwa, karibu kipofu. Stuhlmann alitii. Tunaweza kumlaumu Emin kwa mambo mengi, kuanzia ukaidi wake juu ya amri ya kurudi, maana ukaidi huo ndio uliowafikisha watu wale kwenye ndui. Lakini siku ile alichagua kukaa na wale ambao hesabu ya safari haikuwajali, na sijui neno jingine la kulitumia isipokuwa urafiki. Stuhlmann aliingia Bukoba Februari 1892, mwaka mmoja tangu kuondoka. Emin aliuawa Kongo mwezi Oktoba wa mwaka huohuo, na watu waliokuwa chini ya Kibonge.

Kilele kilifikiwa tarehe 18 Juni 1906, na Duke wa Abruzzi, Mwitalia. Huyu alikuja na waongozaji wa milima ya Alpi, mahema ya baridi na viatu vya barafu, akapata reli ya Mombasa hadi ziwani; mita 5,109 hazikumshinda. Mbao za skii nazo zilifika katika nchi yetu miaka sita baadaye, ila si huku: ni Kibo, mwaka 1912, ambako Walter Furtwängler na Siegfried König walizitumia katika kushuka. Anayetaka kuzipeleka Ruwenzori leo atakuta miamba mikali, mvua nyingi, na barafu iliyopasuka-pasuka na kuwa haba.

Duke aliyahamishia majina ya Stuhlmann kwenye vilele vidogo vya milima hiyo. Mlima ulioitwa Kraepelin akauita Emin, nao una mita 4,798. Wakati wa Duke ulikuwa na barafu, kama milima mingine mitano ya safu ile. Leo barafu ya Emin imekwisha.