Utando wa matabaka ya polielektroliti

Utando wa matabaka ya polielektroliti ni utando mwembamba sana unaotengenezwa kwa kupaka juu ya kitu, kwa zamu, polima zenye chaji chanya na polima zenye chaji hasi. Polima za namna hiyo huitwa polielektroliti. Kwa kawaida kila tabaka huwa na unene wa nanomita moja hadi chache. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita.

Historia

Mwaka 1966 mwanakemia Ralph Iler wa Marekani alionyesha kwamba chembe ndogo zenye chaji tofauti zinaweza kupangwa tabaka juu ya tabaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gero Decher na wenzake nchini Ujerumani walitumia polima, na njia hiyo ikaenea duniani.

Utengenezaji

Kipande cha kioo chenye chaji hasi huchovywa kwa dakika kadhaa katika mmumunyo wa polima chanya. Baadaye husuuzwa kwa maji, huchovywa katika polima hasi, kisha husuuzwa tena. Kazi hiyo hurudiwa mpaka unene unaotakiwa upatikane.

Polima inayonata haiishii kufuta chaji iliyopo, bali huizidi, hata uso uliokuwa hasi ukawa chanya. Kwa hiyo tabaka linalofuata hupata pa kushika. Chaji hiyohiyo husukuma mbali polima za aina ileile, na hivyo tabaka hujiwekea kikomo lenyewe.

Mvutano wa chaji si sababu pekee. Ndani ya maji kila polielektroliti huzungukwa na ayoni ndogo, kama zile za sodiamu au kloridi. Polima mbili zinapoungana, ayoni hizo huachwa huru, na ongezeko hilo la entropia huchangia sana muungano.

Muundo

Matabaka hayo hayakai kama kurasa za kitabu. Minyororo ya kila tabaka huingia katika matabaka ya jirani, hata mipaka ikafifia. Tando nyingi hukua kwa kiasi kilekile katika kila mzunguko. Nyingine, ambazo polima yake huweza kupenya na kusogea ndani ya utando, hukua kwa kasi inayozidi kuongezeka.

Tabia

* Chumvi: katika mmumunyo wenye chumvi kiasi, minyororo hujikunja na tabaka huwa nene zaidi. Chumvi ikizidi sana, utando huweza kulegea au kuyeyuka.
* pH: polima zenye asidi au besi dhaifu hubadili chaji yake pH inapobadilika, na unene hubadilika pia.
* Maji: utando hufura ukilowa na husinyaa ukikauka.

Malighafi za pwani ya Tanzania

Polima za aina zote mbili zinaweza kupatikana kutokana na mazao ya bahari. Karajinani, yenye chaji hasi kutokana na vikundi vya salfati, hutolewa katika mwani. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani. Mwani wa spinosamu hutoa karajinani ya aina ya iota, yenye salfati mbili katika kila kipande kinachojirudia. Kotonii hutoa aina ya kapa, yenye salfati moja.

Kitosani, yenye chaji chanya katika asidi, hutengenezwa kutokana na maganda ya kambamiti, samaki wa gamba wanaouzwa katika soko la Feri, Magogoni, Dar es Salaam. Maganda huondolewa madini kwa asidi na protini kwa alkali. Kitini inayobaki huchemshwa katika alkali kali. Kitosani huyeyuka katika asidi hafifu kama ya siki.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwani huuzwa nje ukiwa umekaushwa tu, na maganda ya kambamiti kwa kawaida huhesabiwa kuwa taka. Thamani kubwa zaidi hupatikana baada ya usindikaji.

Matumizi

Tando hizi huchunguzwa kwa ajili ya kuchuja maji, kubeba dawa mwilini na kuhifadhi matunda. Watafiti wamepaka maembe matabaka ya kitosani na pektini, na maembe hayo yakapoteza uzito polepole zaidi.

Tazama pia

* Polima
* Mwani
* Entropia