Mkanda wa Mwaka Gani?

Kiwanda cha General Motors cha Norwood, mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati katika jimbo la Ohio, kilifungwa mwaka 1987. Ukipita pale leo utaona ofisi na maegesho tu, lakini Chevrolet Camaro nyingi za mwaka 1967 hadi 1969 ziliungwa hapo. Nyingine ziliungwa Van Nuys, California. Mimi ni fundi, na gereji ninayofanyia kazi haiko mbali na Norwood. Ndiyo maana magari hayo hunijia, yakiwa na rangi mpya, viti vipya na injini inayong'aa kama sufuria ya harusi, halafu mwenyewe anasema kilichobaki ni kidogo tu: mikanda.

Hicho kidogo ndicho kinachokula siku zetu.

Nilijifunza ufundi Gerezani, Dar es Salaam. Pale mkanda wa feni ukikatika, unaubeba ule uliokatika, unaupeleka dukani, muuzaji anaupima kwa jicho, anashusha mwingine kutoka kwenye msumari, unaondoka. Spea ya zamani ndiyo cheti chako. Huku, kwenye magari haya ya Kimarekani yenye injini kubwa, yaitwayo magari ya misuli, cheti hicho ni cha uongo. Mkanda ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Uliotoka kiwandani ulitupwa kabla ya vita vya Vietnam kwisha, na unaoukuta leo umewekwa na mtu aliyekuwa na haraka, kwenye kituo cha mafuta, akachukua uliokaribia kuenea. Ukinunua kwa kuufuata huo, unarithi makosa yake.

Kijana ninayefanya naye kazi, mtu wa Uvira, aliniuliza swali ambalo kila mgeni wa kazi hii huuliza.

"Mzee, gari ni Camaro, mwaka 1968, injini 350. Si tuagize tu mkanda wa Camaro?"

"Uagize upi? Fungua boneti uniambie injini imebeba nini."

Camaro ya mwaka ule yenye V8 inaweza kuwa na mkanda mmoja, miwili, mitatu hata minne, na kila hesabu ikawa sahihi. Mnunuzi wa Chevrolet alikaa na muuzaji wakapitia orodha ya vya kuongeza: usukani wa pawa, kiyoyozi, alteneta yenye nguvu zaidi. Kila alichokiwekea alama kilidai nguvu ya injini, na nguvu hiyo ilipita kwenye puli yake na mkanda wake. Ukitaka kujua mikanda ya gari, lazima kwanza ujue mtu asiyekujua aliamua nini siku ile dukani, na mfuko wake ulimruhusu hadi wapi.

Mkanda wenyewe una asili yake. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilizungusha feni kwa mkanda bapa wa ngozi. Ngozi ikilowa hulegea, ikipata mafuta huteleza. Mwaka 1917, mjini Denver, Colorado, John Gates alitengeneza mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la V. Ndugu yake, Charles, alikuwa amenunua kampuni ndogo ya ngozi mwaka 1911, na mkanda huo ndio ulioikuza. Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kusaga unga anaujua, maana ndio huohuo, ila wa mashine ni mnene zaidi. Hauketi kwenye sakafu ya mfereji wa puli. Unabanwa na kuta mbili, na mzigo ukizidi unazama kidogo na kung'ang'ania zaidi. Ukiona mgongo wake umeshuka sana chini ya ukingo wa puli, ama umekwisha ama ni mwembamba kuliko inavyotakiwa. Ukigusa sakafu hauvuti tena. Unateleza, unapata moto, unalia.

Kwa miaka mingi injini ilihitaji mkanda mmoja wa feni, pampu ya maji na dinamo, basi. Halafu Chrysler ikaleta usukani wa pawa mwaka 1951, viyoyozi vikaanza kuingia chini ya boneti katika miaka hiyohiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alteneta ikachukua nafasi ya dinamo. Pontiac GTO ilipotoka mwaka 1964 na kufungua mashindano ya injini kubwa ndani ya bodi za wastani, mbele ya injini palikuwa pameshaanza kusongamana.

Mgogoro mkubwa zaidi kwa Chevrolet uko kati ya 1968 na 1969. Hadi 1968 Camaro ilitumia pampu fupi ya maji, na alteneta ilikaa upande wa dereva. Mwaka 1969 pampu ikarefushwa kwa zaidi kidogo ya inchi moja na alteneta ikahamia upande wa abiria. Puli zikabadilika, mabano yakabadilika, mikanda ikabadilika. Corvette ilibaki na pampu fupi. Sasa fikiria gari la 1968 ambalo mtu alilitia injini ya gari la miaka ya sabini pamoja na pampu yake ndefu, kisha akafunga puli ya zamani kwa sababu ilikuwa ya kromu na imependeza. Mfereji mmoja unatazama huku, mwingine kule. Utanunua mikanda ya kila kampuni na yote itaruka au kulika upande mmoja, na utailaumu mikanda bure. Kwa hiyo mimi huanza na puli. Zina namba za kiwanda zilizopigwa kwenye chuma. Nazisafisha kwa brashi ya waya, nazisoma, ndipo naanza kuzungumza habari za mpira.

Kwa Camaro aina ya Z/28 mambo ni makali zaidi. Gari lile lilitengenezwa ili liruhusiwe kwenye mbio za Trans-Am, zilizotaka injini isizidi inchi za ujazo 305, nalo likapewa 302. Mwaka 1967 yalitoka 602 tu; 1968 yakafika 7,199. Injini ile ilipenda mizunguko mingi, na kwa kasi hiyo mkanda wa kawaida hupanda na kutoka nje ya puli. Chevrolet ikaifungia puli zenye mifereji mirefu kwenda chini. Ukikuta Z/28 yenye puli za kawaida, kuna mtu ameuza zile za awali, na mkanda "sahihi" wa kitabuni hautakaa vizuri hapo.

Kupima kwenyewe si kazi ya kitaalamu sana. Nalegeza boliti za alteneta, naiweka katikati ya tundu refu la bano lake, nazungusha kamba isiyovutika. Wengi huilaza kamba chini ya mfereji, wakapata mkanda mfupi. Inatakiwa ifuate ukingo wa juu wa puli, pale mgongo wa mkanda utakapokaa, kwa sababu mzunguko wa nje ndio unaoandikwa kwenye mikanda mingi. Kisha upana: inchi 3/8 au karibu nusu inchi, kwa kipimo cha mgongoni. Ukishafunga, ubonyeze kwa kidole gumba kwenye sehemu iliyo ndefu. Ukiingia kama nusu inchi, acha. Kuukaza kama waya wa gitaa ni kuua beringi za pampu.

Hayo ni ya barabarani. Maonyesho yana sheria zake. Chama cha Corvette kinachoitwa NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa pointi kwa uasili na kwa hali ya kila kitu, na Rosemont, karibu na Chicago, kila Novemba huletwa magari ya misuli ambayo majaji huyainamia kwa tochi. Hapo mkanda wa kisasa wenye meno tumboni unakuhukumu ukiwa mbali. Wanataka uliofungwa tumbo laini, wenye namba ya General Motors mgongoni na alama ya wakati ulipotengenezwa, tena wakati huo uwe kabla ya gari kuungwa. Wako wanaouza nakala mpya zenye maandishi hayo, na wako wanaouza ya zamani ambayo haijawahi kufungwa, ingali ndani ya kifuko chake cha karatasi. Hii ya mwisho ina bei ya kushangaza, na mpira wenye zaidi ya miaka 50 hauaminiki hata ukiwa haujaguswa. Ushauri wangu ni mmoja: seti ya majaji, na seti ya safari. Mtu anayetaka moja ifanye yote mawili atakwama kwenye barabara kuu ya Indianapolis.

Kinachonichekesha ni pampu ya hewa. California ilianza kudai udhibiti wa moshi kwa magari ya mwaka 1966, serikali kuu ikafuata 1968, na Camaro za gia za mkono zikaongezewa pampu ya kusukuma hewa kwenye njia ya moshi, ikiwa na mkanda wake. Vijana walinunua gari Jumamosi, Jumapili wakaing'oa pampu wakaitupa. Leo wana wao wanaitafuta Ohio nzima, pampu, bano, puli, na mwisho kabisa ule mkanda wa nne.

Mwaka 1979 Ford ilizifungia Mustang zake kadhaa mkanda mmoja mpana unaojizungusha kwenye puli zote. Mteja wangu mmoja ana Mustang ya mwaka huo. Kila akija huinama juu ya Camaro, anahesabu mikanda, anatikisa kichwa kwa huruma. Namwambia mkanda wa usukani wa Camaro ukikatika, nitafika nyumbani mikono ikiuma. Wake ukikatika, maji, umeme na usukani vinasimama pamoja, na simu yangu anayo.