Mfadhili, Mdhamini, Mwekezaji: Majina ya Tajiri katika Vilabu vya Mpira vya Dar es Salaam

Jina apewalo mtu huonyesha nafasi aliyo nayo mbele ya wale wampao. Yafaa basi kuangalia majina waliyopewa matajiri walioingiza fedha zao katika vilabu viwili vikubwa vya Dar es Salaam, yaani Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Majina hayo yamebadilika, na katika mabadiliko hayo imo historia ya madaraka ya vilabu vyenyewe.

Tangu asili vilabu hivi ni mali ya wanachama. Mwanachama hulipa ada, hupiga kura, na kwa hiyo ni mwenye klabu. Walakini ada hazikutosha kuwalipa wachezaji wala kugharimia safari, na pengo hilo likazibwa na matajiri.

Tajiri wa kwanza aliitwa mfadhili. Jina hili limetokana na fadhila, neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni mtenda wema. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikashindwa na Stella ya Abidjan, mfadhili wake alikuwa Azim Dewji. Katika Yanga, Yusuf Manji alianza kwa ufadhili, akachaguliwa mwenyekiti mwaka 2012, na katika uongozi wake klabu ilitwaa ubingwa wa nchi mara nne. Sasa, mwenye kutoa fadhila hadai, wala hadaiwi. Mpokeaji hana haki ya kumwuliza hesabu, na mtoaji aweza kuondoka siku yo yote. Manji alipojiuzulu mwaka 2017, Yanga iliingia katika dhiki ya fedha hata viongozi wakatembeza bakuli kwa mashabiki, na ubingwa ukaenda kwa Simba kwa misimu minne mfululizo. Methali husema, "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi." Humo mfadhili si jina bali ni kitenzi cha kuamrisha, na m- yake ni kiambishi cha mtendwa, lakini onyo lake lawahusu wote wawili, atoaye na apokeaye.

Jina la pili ni mdhamini, kutokana na dhamana. Neno hili lina kazi mbili katika klabu moja. Wadhamini ni wazee waliokabidhiwa mali ya klabu kisheria. Na mdhamini ni kampuni ilipayo ili jina lake liandikwe kifuani mwa jezi. Wa kwanza hulinda mali, wa pili hununua nafasi ya kutangaza. Hata hivyo dhamana imepita fadhila kwa jambo moja: ina mkataba, na mkataba una mwisho unaojulikana.

Jina la tatu ni mwekezaji. Hili limejengwa juu ya kitenzi weka, nalo lilienea katika lugha ya serikali na biashara katika miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipobinafsishwa. Kituo cha Uwekezaji kiliundwa mwaka 1997. Aliyeweka kitu hutazamia kukikuta, tena kimezaa. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya hisa za Simba kwa shilingi bilioni 20. Alitaka nusu, kanuni za serikali zikampa asilimia 49 tu, na asilimia 51 zikabaki kwa wanachama. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao walikubali katiba mpya ya mfumo wa namna hiyo. Yanga, ikisaidiwa na kampuni ya GSM, ilitwaa ubingwa tangu msimu wa 2021/22, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Hapana budi kukumbuka klabu ya tatu, Azam, ambayo tangu kuundwa kwake ni mali ya kampuni ya Bakhresa. Ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Huko tajiri ni mmiliki, na hakuna agombanaye juu ya jina.

Ushindi, basi, umepatikana chini ya majina yote. Fedha hazichagui jina. Tofauti iko katika swali ambalo mwanachama aweza kuuliza. Mfadhili huambiwa ahsante. Mdhamini huulizwa mkataba wake waisha lini. Mwekezaji huulizwa ameweka kiasi gani, na yeye naye ana haki ya kuuliza fedha zake zimetumikaje. Katika Simba na Yanga jina mwenye klabu bado ni la wanachama. Litabaki lao kwa kadiri wanavyoyauliza maswali hayo. Wakinyamaza, asilimia 51 zitakuwa hesabu iliyoandikwa katika katiba, na tajiri atakuwa mmiliki pasipo kuitwa hivyo.